Vigingi Kaskazini mwa Korongo

Mwasubi, Bariadi
15 Juni 1997

Mwanangu Mihayo,

Kosa wanalolifanya watu wengi, hata wenye vyeti, ni kudhani kwamba setilaiti inawaona. Mtu anashika kipokezi mkononi, kinamwandikia namba, naye anaamini kuna jicho huko juu limemtazama na kumwambia alipo. Hakuna jicho. Setilaiti haijui kama wewe upo, wala kama kuna Bariadi. Inataja saa tu. Kazi ya kutafuta ulipo inafanywa na kipokezi chenyewe, na namba kinazokupa zinategemea kimeambiwa kianze kuhesabu kutoka wapi. Hilo la mwisho lishike.

Nimekimbilia swali lako kabla ya salamu, na mama yako Kwandu angekuwa anasoma begani kwangu angenikaripia. Basi mwadila, mwanangu. Sisi huku hatujambo. Mama yako mgongo unamsumbua lakini hakubali kukaa. Baba yako Malimi yuko vile vile, anaongea na ng'ombe kuliko na watu. Pamba imetoka vizuri, na mwaka huu wanunuzi ni wengi kuliko mizani. Kila wiki inakuja kampuni mpya yenye gari jipya. Msalimie mkeo Gloria.

Umenifurahisha kuniuliza habari za mawimbi. Tangu nistaafu kule kituo cha setilaiti Dar es Salaam na kurudi hapa nyumbani kwa kaka yangu, watu wananiletea redio zilizokufa na pasi za umeme, hapa ambapo hata umeme hakuna. Kwa hiyo vumilia, nitaeleza kwa kirefu.

Ukiona radi inamulika upande wa Shishiyu, ukahesabu mpaka ngurumo ikufikie, unajua iko mbali kiasi gani. Sasa fikiria radi inayotamka yenyewe: mimi nipo mahali fulani, na nimepiga saa fulani. Ukiwa na saa nzuri, unatoa saa yake kwenye yako na kupata umbali. Radi moja inakuambia uko mahali fulani kwenye duara kubwa. Ya pili inapunguza, ya tatu inakubana. Setilaiti ya nne inahitajika kwa sababu saa iliyo ndani ya kipokezi chako ni ya bei rahisi, na lazima isahihishwe. Basi. Hakuna uchawi.

Uliuliza pia: kama zote zinatangaza kwenye masafa yale yale, mbona hazivurugani? Kugawana anga kuna njia kama tatu, na zote unazijua tangu utoto. Pale misheni kuna bomba lenye koki nyingi, kila mmoja na koki yake: hayo ni masafa tofauti. Kwenye pampu ya shule kila mtu anasubiri zamu, anajaza ndoo, anaondoka: hivyo ndivyo tulivyofanya kituoni, kila nchi inatupa maneno yake kwa kitambo kidogo sana, inanyamaza, inapokea nchi nyingine. Njia ya tatu ni lambo. Makundi yote yanaingia majini pamoja, yanachanganyika mpaka mgeni angelia. Kisha kila mchungaji anapiga mluzi wake, na ng'ombe wa Malimi wanatoka kwa mluzi wa Malimi. Setilaiti hizi zinapiga mluzi zote kwa pamoja, na kipokezi kimefundishwa mluzi wa kila moja.

Habari nyingine ndogo. Juzi lilikuja gari la watu wa vipimo. Unajua kijiji kilikubali kuipa kampuni ya pamba eneo la kusini mwa korongo, wajenge kinu na kulima. Hilo halina ugomvi, baba yako mwenyewe alinyoosha mkono mkutanoni. Lakini vijana wale wametembea na kidude mkononi wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kaskazini mwa korongo, ndani kabisa ya ngitili ya baba yako. Hayo malisho ameyafunga tangu hujaenda sekondari, ili kiangazi kikali kisimkute bila nyasi. Baba yako akawauliza, "Mbona mmevuka?" Kijana akamjibu, "Mzee, hiki hakidanganyi, kinaongea na setilaiti." Baba yako akasema, "Na mimi naongea na korongo, lipo hapa tangu babu yangu." Wakacheka wote, wakaondoka. Vigingi vimebaki.

Niandikie. Tuanze kuzipa barua namba, maana posta hii inaweza kuzipishanisha. Hii ni ya kwanza.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Dar es Salaam
20 Julai 1997
(Namba 2)

Shikamoo Sengi,

Nakuita hivyo hivyo kama nyumbani, maana hapa ofisini nikisema Sengi badala ya shangazi wanadhani ni jina la mchumba. Barua yako imefika baada ya wiki nyingi. Sisi hatujambo. Gloria ni mjamzito, tunatarajia mwezi wa kumi na moja. Tafadhali mwambie mama wewe, kwa sababu nikimwandikia mimi ataanza safari siku hiyo hiyo na mgongo wake.

Nashukuru kwa somo. Mfano wa lambo nimewasimulia wenzangu, na mkuu wangu Bwana Joakim amesema wewe ungefaa kufundisha chuo. Kazi ni nyingi. Tangu kampuni binafsi ziruhusiwe kupima, kila mtu anataka ramani, na anaitaka jana.

Nina swali moja zaidi. Hiki kipokezi kinaweza kukosea kwa kiasi gani? Nimesoma kwamba Wamarekani wenyewe wanaharibu mawimbi makusudi, ili sisi raia tusipate usahihi ule wa jeshi lao. Je, kosa hilo linaweza kufika mita mia? Linaweza kuzidi? Nauliza kwa kujua tu.

Dar joto limepungua. Mtoto wa jirani yetu amebatizwa Jumapili na kulikuwa na sherehe nzuri. Nimenunua kitenge cha mama, nitatafuta mtu wa kumpa.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Mihayo


Mwasubi, Bariadi
9 Agosti 1997
(Namba 3)

Mwanangu Mihayo,

Mhola duhu, amani tupu. Mama yako nimemwambia, na ulivyosema ni kweli: alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. Nimemshika kwa maneno mpaka mwezi wa kumi na moja. Baba yako hajambo. Aliposikia habari ya mimba alitoka kwenda kutazama ndama. Hiyo kwake ni furaha kubwa.

Swali lako ni zuri. Ni kweli Wamarekani wanazichezea saa za setilaiti kidogo, makusudi. Ukisimama mahali pamoja na kipokezi, bila kusogea, namba zinatangatanga: sasa uko huku, baadaye uko kule, mpaka kama mita mia. Lakini tazama namna kosa hilo linavyotembea. Ni kama ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Anazunguka, anakwenda kushoto, anarudi kulia, hazidi kamba. Ukimtazama kwa muda unajua kigingi kiko katikati. Kosa la angani haliwezi kukaa upande mmoja siku nzima.

Sasa nikuambie nilichofanya. Kaka yangu alikuwa halali vizuri, nami siwezi kumwona mtu hivyo nikakaa. Nilichukua fimbo nikafuata vigingi vile, kimoja kimoja, nikiwa na mzee Mayige, aliyekuwa kwenye kamati iliyoonyesha mipaka mkutanoni. Kwa kila kigingi nilimuuliza, "Hapa mlikubaliana wapi?" Naye ananionyesha upande wa korongo: pale kwenye kona ya maji, pale kwenye jiwe jeupe, pale kwenye mwisho wa ua wa mnyaa. Tukapima kwa hatua. Mihayo, vigingi vyote vimesogea upande mmoja. Vyote kaskazini, na kidogo magharibi. Vyote kwa kiasi kile kile, karibu mita mia tatu. Ukivichukua vyote kwa pamoja ukavisukuma kusini, kama mtu anavyosogeza mkeka, vinakaa sawasawa kwenye korongo.

Ng'ombe wa kamba hafanyi hivyo. Hapa mtu amehamisha kigingi chenyewe.

Mayige alicheka. Akaniambia, "Mwalimu, umesoma mpaka Ulaya, leo unahesabu hatua kwenye nyasi kama mtoto anayecheza." Nikamwambia nimesoma Ulaya ili nijue lini nihesabu hatua.

Katika barua yako hukuniuliza habari za vigingi hata kidogo. Labda ilikupita. Wewe unafanya kazi kwenye ofisi ya ramani. Hebu nitafutie, ramani ya eneo letu inaonyesha mpaka wa kampuni ya pamba ukipita wapi?

Shangazi yako,
Wilhelmina


Dar es Salaam
14 Septemba 1997
(Namba 4)

Shikamoo Sengi,

Samahani kwa kuchelewa na kwa ufupi. Gloria anaumwa miguu. Kitenge nimempa kondakta wa basi linalopitia Nairobi na Musoma, atakiacha Nyashimo kwa mama mwenye duka la vitabu, pale parokiani. Fundi asikikate bila mama kuwepo.

Ramani niliiona. Mpaka unafuata korongo. Zaidi ya hapo ni mambo ya mteja na siruhusiwi kuyaandika.

Sengi, nina ombi. Baba ni mtu wa hasira za kimya, unamjua kuliko mimi. Tafadhali umwambie asiviguse vile vigingi sita. Kuving'oa ni kosa la jinai. Mambo ya vipimo yana taratibu zake, yatasahihishwa kwa wakati wake. Mwambie wewe, wewe atakusikiliza.

Mwanao,
Mihayo


Mwasubi, Bariadi
12 Oktoba 1997
(Namba 5)

Mwanangu Mihayo,

Kitenge kimefika, mama yako amekivaa kanisani na kila mtu amekigusa. Mvua zimeanza mapema na si za kawaida. Redio inaziita El Niño. Korongo linajaa usiku, asubuhi halivukiki. Baba yako yuko Bariadi mjini kwa shughuli kidogo, kwa hiyo ng'ombe wanasumbua. Mama yako anapiga mluzi lamboni mpaka midomo inakauka, nao wanamtazama tu, wanaendelea kunywa. Baba yako atarudi.

Trekta la kampuni ya pamba lilikuja mwisho wa mwezi uliopita. Limelima kutoka kwenye vigingi kuja kusini. Miti ile ya katikati, migunga ambayo baba yako alikuwa hata kuni haruhusu zichukuliwe, imelala chini. Nyasi za ngitili unazijua: zikilimwa mara moja, unasubiri miaka.

Sikuwahi kukuandikia kwamba vigingi ni sita. Nilitazama nakala ya barua zangu, maana ninaweka nakala ya kaboni, tabia ya kituoni. Niliandika "vigingi". Sikuulizi umejuaje. Nitakueleza jambo moja la kazi, kama mtu anavyomweleza mwenzake wa kazi.

Ramani zetu za zamani, zile zilizochorwa na Waingereza na wenzetu waliowafuata, zilipimwa kuanzia kwenye umbo la dunia walilolikadiria wao kwa ajili ya Afrika hii. Chini ya ramani, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayesoma, imeandikwa Arc 1960. Setilaiti zinatumia umbo jingine, linaloanzia katikati kabisa ya dunia, na kipokezi kikitoka dukani kimewekwa kwenye hilo, WGS 84. Namba za ramani na namba za kipokezi zinafanana sura kama mapacha, lakini hazihesabu kutoka mahali pamoja. Mtu akisoma namba kwenye ramani ya zamani, akazipiga kwenye kipokezi bila kubadili mpangilio, kipokezi kitampeleka mahali kwa uaminifu kabisa. Hakitadanganya hata kidogo. Kitampeleka karibu mita mia tatu kaskazini mwa pale alipokusudia, na kidogo magharibi. Ndiyo maana nilikuambia mwanzoni: tazama kimeambiwa kianze wapi.

Kosa hili halionekani ofisini. Linaonekana kwa mtu anayesimama kwenye korongo. Na vijana wale walikuwa wamesimama pale, na mzee mwenye korongo alikuwa anawaambia.

Kama unataka kujiridhisha, hakuna haja ya kuja Mwasubi. Siku mtu wenu yeyote atakapopita na treni ya Mwanza, ashuke Malampaka. Pale barabara inapokatisha reli karibu na stesheni pamechorwa wazi kwenye ramani. Asimame hapo na kipokezi kwa muda wa kutosha, nusu saa hivi, ili ng'ombe wa kamba azunguke. Kisha alinganishe namba na ramani. Reli haijahama.

Na jambo la pili, kuhusu ombi lako. Setilaiti ya mawasiliano, ile tuliyokuwa tunaitumia kuongea na London, haielewi kinachosemwa. Inapokea kutoka chini, inabadili masafa, inarudisha chini. Nimeulizwa mara nyingi kama haichoki. Haichoki kwa sababu haibebi kitu moyoni. Mimi si chuma, Mihayo.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Dar es Salaam
30 Novemba 1997
(Namba 6)

Shikamoo Sengi Wilhelmina,

Gloria amejifungua salama tarehe ishirini na mbili, mtoto wa kiume. Tumemwita Malimi. Ana mdomo wa baba, anaubana hivyo hivyo.

Ni mimi. Sikuwapo shambani, lakini namba nilizipiga mimi. Bwana Joakim aliniletea ramani ya ofisi ya ardhi yenye mstari wa penseli, akasema, "Mihayo, hiki ni kijiji chenu, hutapotea." Nikasoma namba za kona sita, nikaziingiza kwenye kipokezi, nikawapa vijana. Nilijivunia, Sengi. Nilifikiri baba atasikia kwamba mwanawe ndiye aliyeweka mpaka. Maandishi ya chini ya ramani sikuyasoma.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilijua palepale kwamba ni vigingi vyetu, ila sikujua kosa liko wapi. Ndiyo maana nikauliza habari ya mita mia. Nilikuwa natafuta kosa ambalo lingekuwa la Wamarekani.

Ulipoandika habari ya Arc 1960 nilitoka ofisini nikaenda kusimama nje. Kisha nikarudi nikapima. Sikungoja Malampaka. Hapa Dar kuna jiwe la vipimo lenye namba kwenye ramani, nikasimama juu yake na kipokezi mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimepotea. Tofauti ni ile ile. Nilibadili mpangilio ndani ya kipokezi, ni suala la kubonyeza vitufe, na namba zikarudi juu ya jiwe.

Nilimwambia Bwana Joakim. Hakukataa. Alifunga mlango akasema, "Kosa ni kosa, lakini mteja ameshalima. Tukisema leo tunashtakiwa sisi. Acha ramani isainiwe, halafu kijiji kikilalamika tutapima upya, itakuwa kazi nyingine." Nikamwambia ile ni ngitili ya baba yangu. Akasema, "Ndiyo maana usiandike chochote. Watasema unampendelea baba yako." Juzi nimemwandikia ofisa ardhi wa wilaya hata hivyo, nikaeleza kosa lote, nikatia saini. Nakala nimeiweka humu. Bwana Joakim hajanifukuza bado. Haongei na mimi.

Sengi, nakuomba kwa mara ya mwisho. Mweleze baba. Wewe unajua kueleza kitu kigumu mpaka kikawa rahisi. Mwambie ni kosa la namba, halikuwa la moyo. Mwambie kuna mtoto anaitwa Malimi. Mimi nimejaribu kumwandikia na kila nikiandika "Baba" kalamu inasimama.

Nilipiga simu ya kinu cha pamba hapo Bariadi, kwenye dishi lao jipya la setilaiti, nikamuomba mtu anisaidie kumpata mtu wa Mwasubi. Sauti yake ilichelewa, tukawa tunasema wote kwa pamoja, kisha wote tunanyamaza. Mwisho akakata.

Baba yuko mjini kwa shughuli gani?

Mwanao,
Mihayo


Mwasubi, Bariadi
25 Januari 1998
(Namba 7)

Mwanangu Mihayo,

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Reli imekatika huko katikati na mifuko ya posta imekaa mahali ikiloa. Bahasha yako ilikuwa imejikunja na wino wa nje umeyeyuka, lakini ndani panasomeka. Nimpongeze Gloria. Nimemwimbia mtoto peke yangu jikoni, mama yako akaja kuuliza ninamwimbia nani, nikamwambia mjukuu wako. Akakaa kwenye kinu cha kutwangia, akacheka, akalia, kisha akaanza kuuliza nauli.

Sasa nikujibu swali lako. Baba yako alikuwa mahabusu.

Trekta lilipoanza kulima, hakwenda kupigana. Alisubiri jioni waondoke. Akaving'oa vigingi vyote na vitambaa vyake vyekundu, akavibeba begani, akavipigilia upya: kwenye kona ya maji, kwenye jiwe jeupe, kwenye mwisho wa mnyaa. Kila kimoja mahali pake, Mihayo. Nilikwenda kuvitazama. Ungemkabidhi kipokezi kilichorekebishwa, asingeviweka vizuri zaidi. Asubuhi polisi wakamchukua kwa kuharibu alama za upimaji. Alikaa ndani mpaka padri alipomdhamini. Nilikuandikia yuko mjini kwa shughuli. Nilitaka ukweli wako uje wenyewe, usije kwa kuogopa. Kama nilifanya vibaya utanihukumu ukifika umri wangu.

Kesi iko mahakama ya mwanzo. Imeahirishwa kwa sababu barabara haipitiki, sasa imepangwa katikati ya mwezi wa pili. Shahidi wa kampuni atasema vigingi viliwekwa kwa setilaiti, na mzee huyu amevihamisha kwa macho. Hakimu atapenda setilaiti. Watu wengi wanaipenda.

Nakala uliyomtumia ofisa ardhi nimeisoma. Ni nzuri, imenyooka, hukujificha ndani yake. Lakini ofisini hawajaipata, nilimtuma Mayige kuuliza. Huenda imelala kwenye mfuko mwingine unaoloa, huenda iko chini ya faili. Sijui. Nakala yako kwa mkono wangu ni karatasi ya dada wa mshtakiwa.

Tangu arudi, baba yako hapigi mluzi. Anakwenda lamboni, anasimama, anawangoja mpaka wamalize kunywa, anawafuata nyuma. Mama yako anasema ni kifua. Si kifua. Juzi nikiwa namwagia maji mikononi aliniuliza, "Wilhelmina, yule aliyewapa vijana namba, unamjua?" Nikamuuliza, "Kwa nini nimjue?" Akasema, "Kwa sababu kila barua ya Mihayo ikija, unaisoma ukiwa umesimama." Kisha akajifuta mikono akaenda.

Kwa hiyo anajua, au amefika karibu sana na kujua. Kinachomkosesha usingizi si ardhi tena.

Umeniomba nimweleze. Naweza. Nimeeleza mambo magumu kuliko hilo, kwa watu wagumu kuliko kaka yangu, na wakati nasoma barua yako nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno: nianze na ramani, nifike kwenye namba, kisha mtoto. Ingekuwa hotuba nzuri. Naye angenisikiliza mpaka mwisho, angeshukuru, "wabeja," na angeendelea kungoja. Angekuwa amesikia mluzi usio wako.

Usiogope kwamba hasomi haraka. Anasoma polepole, na anarudia, na hilo ndilo unalolihitaji. Usimweleze mambo ya Arc na WGS, mimi nitamweleza akiuliza. Mwandikie alivyokuja mtoto na jina lake. Mwandikie kwamba namba ulizipiga wewe, na kwamba vigingi alipovihamishia ndipo mahali pake sahihi, na utie saini yako ya kazi, na muhuri kama bado unao. Atakachofanya na karatasi hiyo, kuipeleka mbele ya hakimu au kuiweka chini ya mto, ni uamuzi wake, kwa kuwa mwandiko utakuwa wako na barua itakuwa kwa jina lake.

Usitumie treni. Mpe kondakta wa basi la Nairobi, ishushwe Nyashimo pale pale kwenye duka la vitabu. Mayige atakwenda kuingoja. Amesema atakwenda kwa baiskeli hata matope yafike kwenye mnyororo, na kwamba ikichelewa atakutukana kwa Kisukuma mbele ya mama yako.

Barua hii haina haja ya jibu kwangu. Hesabu yetu ya namba imeishia hapa.

Mwandikie baba yako leo.

Shangazi yako,
Wilhelmina